Mashine ya Kufulia Isiyofika

Kila kulipokucha, nyumba ile ilifungua milango miwili. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa ajili ya vichwa. Mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa ajili ya nguo.

Mbele alikaa kinyozi. Nyuma alikaa mkewe, dobi.

Kinyozi aliitwa Redio. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu hakunyamaza tangu asubuhi mpaka jioni. Ukikaa kwenye kiti chake, uliondoka umepungukiwa nywele na umeongezewa habari. Alijua bei ya saruji. Alijua nani kaposa na nani kakataliwa. Mtu akiwa na shida, Redio alikuwa na ushauri, hata kabla shida haijamalizika kusimuliwa.

Binti yao naye alirithi mdomo wa baba, wakamwita Chiriku. Ndiyo maana mama yake akaitwa Mama Chiriku. "Maji hufuata mkondo," majirani walisema wakicheka.

Juu ya kioo cha kinyozi palikuwa na kibao cha mbao. Kiliandikwa: KICHWA KWANZA, PESA BAADAYE.

"Mbona hudai pesa kabla ya kunyoa?" mteja mmoja aliwahi kumwuliza. "Wengine watakukimbia."

"Akimbie na kichwa nimekinyoa? Nitamjua tu!" Redio alijibu. "Mtu hulipia kazi aliyoiona. Mimi mwenyewe silipii nisichokiona."

Alisema hivyo. Maneno hayo aliyakumbuka sana baadaye, na kila akiyakumbuka aliinamisha kichwa.

Uani, Mama Chiriku alifua nguo za mtaa mzima. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati na mashati ya watu wa ofisi. Alikuwa na beseni tatu na kamba nne. Kwa miaka kumi na minne alisugua na kukamua kwa mikono yake. Ngozi ya vidole ilipasuka. Viwiko vilimuuma. Asubuhi za baridi, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikataa kukunjuka mpaka avitie kwenye maji ya moto.

Mhudumu wa zahanati alimwangalia mikono akatikisa kichwa. "Mama, usiendelee kukamua vitu vizito. Vidole hivi vikizoea kujikunja, havitanyooka tena."

"Nikiacha mimi, mashuka yatajikamua?"

"Basi tafuta mashine."

Mashine walikuwa wanaitafuta. Kwa mwaka mmoja na nusu waliweka akiba katika akaunti ya Redio ya benki. Duka la barabara kuu lilikuwa na mashine moja nyeupe, nyuma ya kioo. Mama Chiriku alipopeleka nguo za wateja alipita hapo. Siku moja mwenye duka alimfungulia mlango wa ile mashine. Mama Chiriku akaingiza mkono ndani, akauzungusha taratibu, akatabasamu.

Walikuwa wamebakisha robo ya bei.

"Tutafika," alimwambia mumewe. "Tulikotoka ni mbali kuliko tunakokwenda."

Lakini Redio hakuweza kungoja. Kila alipomwona mkewe akipuliza vidole, moyo ulimchoma. Jumapili moja, akiwa anatazama simu yake, aliona tangazo. Mashine ya kufulia, nyeupe, kama ile ya dukani. *Imetumika miezi miwili tu. Mwenyewe anasafiri.* Bei yake ilikuwa sawasawa na akiba yao. Redio akapiga simu.

"Kaka yangu!" sauti ilimpokea kama inamfahamu. "Nakusikia tu na najua wewe ni mtu wa familia."

"Nataka kumshtukiza mke wangu."

"Hapo umenena! Basi usimwambie mtu. Zawadi ikishasemwa, utamu umekwisha."

"Naweza kuja kuiona kwanza?"

"Iko ghalani, kaka, na funguo anazo mkubwa wangu. Halafu nisikufiche, watu watatu wanaitaka. Nipe kianzio kidogo nikuzuilie."

Redio akainua macho. Kibao chake kilikuwa juu ya kioo, kinamtazama. Lakini aliiona pia mikono ya mkewe ikiwa mikavu, imepumzika. Akakubali.

Jumatatu alasiri alikuja kijana mmoja nadhifu aliyetumwa na muuzaji, shati limepigwa pasi. Redio alimhesabia kianzio mkononi, pesa taslimu.

"Na risiti?"

"Risiti hutoka ofisini, baba. Angalia simu yako."

Kweli, simu ililia. Yule muuzaji alikuwa ameandika: *Tumepokea kianzio chako taslimu. Asante kwa kutuamini.* Redio akaridhika.

Jumanne saa nne asubuhi muuzaji alipiga tena. Gari la kuleta mashine lilikuwa tayari. Ilibidi Redio atume nusu ya pesa iliyobaki kwa simu.

"Mna namba ya biashara?" Redio aliuliza.

"Ya nini hiyo, kaka? Ina makato tu. Tuma kwenye namba hii, kama unavyomtumia ndugu yako."

Redio alipoandika namba, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mwanamke.

"Mbona hapa panasema jina lingine?"

"Ndiyo huyo mkubwa wangu niliyekwambia. Bonyeza tu, kaka, dereva anangoja."

Redio akabonyeza.

Sehemu ya mwisho alilipa kwa kadi ya benki. Muuzaji alimtumia anwani ya ukurasa wenye picha za majokofu na mashine. Redio akaandika namba ndefu ya mbele ya kadi, na ile fupi ya nyuma. Ujumbe ukaja, safari hii kutoka kwenye ukurasa ule wenyewe: *Malipo yamepokelewa. Mzigo wako utafika leo saa sita mchana.*

Alifurahi kama mtoto. Aliingia uani akaanza kuhamisha beseni na ndoo.

"Unatafuta nini huko pembeni?" mkewe akamuuliza.

"Nimeona panya."

"Panya gani anahitaji nafasi yote hiyo? Ni panya au ni ng'ombe?"

Redio akacheka, akarudi mbele kabla siri haijamtoka.

Saa sita ikapita. Saa sita na nusu alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Saa saba alipiga tena. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga mara ya tatu, mara ya nne, mara ya tano. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajiona katika kioo chake mwenyewe. Watu husema kinyozi hajinyoi. Leo alikuwa amenyolewa, tena bila maji.

Saa nane, mteja akaingia.

Alikuwa Karani. Karani alifanya kazi benki, kwenye meza ya malalamiko ya wateja. Alikuja kunyoa kila wiki mbili, saa ya mapumziko ya mchana. Alikuwa na upara mpana katikati, na nywele pembeni tu.

"Fundi, leo punguza na bei," alitania kama kawaida. "Wewe unanyoa ukingo tu, uwanja wenyewe ni mtupu."

Siku zote Redio alimjibu, "Uwanja mtupu ndio mgumu, mchezaji anateleza." Leo hakujibu. Alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine ya kunyolea.

"Kulikoni? Redio imeishiwa betri?"

"Jino linaniuma, mkubwa."

"Pole. Basi usiseme, wewe nyoa."

Redio akanyoa. Kinywa kilijaa maneno. *Mkubwa, nimeibiwa. Nifanye nini?* Maneno manne tu. Yalifika kwenye ulimi, yakarudi. Atasemaje? Yeye, mshauri wa mtaa mzima? Yeye mwenye kibao juu ya kioo? Kesho mtaa wote ungecheka.

Karani alilipa, akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi, akaondoka.

Redio akabaki na simu mkononi. Aliona afadhali mkewe asije akasoma mazungumzo yale na muuzaji. Akayafuta yote, moja baada ya jingine.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Redio alinyoa kimya, na wateja walimpa pole ya jino. Mama Chiriku alimchemshia maji ya chumvi asubuhi na jioni. Redio aliyasukutua, na chumvi ile ilikuwa chungu kuliko dawa.

Ijumaa asubuhi simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa benki. Pesa zimekatwa tena kwenye kadi yake. Hakununua kitu. Hakubonyeza kitu. Hata ada ya shule ya Chiriku, waliyoiweka kando humohumo, ilikuwa imeguswa.

Mama Chiriku aliingia na tenga la mashati yaliyopigwa pasi. Akamkuta mumewe amekaa chini, mgongo ukutani.

"Baba Chiriku, hilo jino linakuua?"

"Hakuna jino," Redio alisema.

Akamweleza yote. Alieleza kianzio, simu, kadi, na panya. Hakumtazama usoni. Mama Chiriku alisikiliza akiwa amesimama na tenga kiunoni. Redio alipomaliza, mkewe hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwa hiyo mashine yangu imekwenda," alisema polepole.

"Nilitaka ufurahi."

"Nilikuwa nafurahi. Nilikuwa napita pale dukani kila wiki nafurahi." Aliweka tenga chini. "Ilikuwa lini?"

"Jumanne."

"Jumanne?" Alitoa shati moja kwenye tenga, akalinyanyua. "Hili ni la Karani. Jumanne mchana nilimsikia hapa anacheka. Alikaa kwenye kiti hiki?"

Redio akaitikia kwa kichwa.

"Kichwa chake kilikuwa mikononi mwako, mume wangu. Nawe ukamwambia jino."

Redio alilitazama lile shati.

"Vaa viatu," mkewe akasema. "Nampelekea mashati yake. Na wewe unakuja."

Walimkuta Karani mezani kwake, amezungukwa na mafaili. Aliposikia habari, alivua miwani.

"La kwanza ni kadi," alisema. "Tuifunge sasa hivi, kabla hatujaongea neno lingine."

Alimpa Redio simu ya mezani aseme na watu wa kadi. Kadi ikafungwa. Kisha Karani akavuta viti viwili.

"Kaeni. Fundi, mwizi wako ni mmoja, lakini pesa zako zimetoka kwa milango mitatu. Na kila mlango una ulinzi wake. Tuanze na huu wa leo. Hizi pesa za asubuhi, uliidhinisha wewe?"

"Sikugusa kitu!"

"Umempa mtu namba yako ya siri? Au zile namba zinazotumwa kwenye simu ili kuthibitisha malipo?"

"Hapana. Jana mtu alipiga anaziomba. Niliogopa, nikakata simu."

"Woga huo umekuokoa. Pesa zikikatwa bila wewe kuidhinisha, na wewe hukugawa siri zako, na umetoa taarifa mapema, sheria nyingi zinakuwa upande wa mteja. Utajaza fomu hii. Benki itachunguza, na nategemea zitarudi."

Mama Chiriku akasogeza kiti. "Na zile za Jumanne, alizolipa mwenyewe kwa kadi?"

"Hizo nazo zina njia, shemeji. Ukilipa kwa kadi, halafu bidhaa isifike, una haki ya kuyapinga malipo. Benki yetu inamwuliza mwenye kupokea: thibitisha kwamba ulipeleka mzigo. Akishindwa, pesa zinaweza kurudishwa. Lakini kuna siku maalumu za kufanya hivyo. Ukichelewa, mlango unafungwa. Una ushahidi?"

Redio akaonyesha ule ujumbe: *Malipo yamepokelewa. Mzigo wako utafika leo saa sita mchana.*

"Safi sana. Usiufute huu."

Neno *usiufute* lilimchoma Redio kama sindano. "Na za simu?" aliuliza.

Karani alikuna upara. "Hapo pagumu. Ungelipa kwenye namba ya biashara, tungejua duka gani, limesajiliwa na nani, tungelishtaki. Lakini ulituma kwa mtu binafsi, kama zawadi kwa ndugu. Ni sawa na kuhamisha pesa kutoka akaunti moja ya benki kwenda nyingine. Umebonyeza mwenyewe, na jina umeliona. Kampuni ya simu haiwezi kumnyang'anya mpokeaji hivi hivi. Ila inaweza kuzizuia, kama bado zipo kwake. Piga simu huduma kwa wateja. Wape namba ya muamala."

Redio akapiga. Alisoma namba ya muamala kwa sauti ya chini. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akashusha simu.

"Zimetolewa," alisema.

"Lini?" Karani akauliza.

"Jumanne. Saa kumi na moja na robo, jioni."

Kila mmoja alikuwa anahesabu. Karani aliingia kwa kinyozi saa nane mchana. Kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja na robo ni saa tatu na dakika kumi na tano. Muda huo wote pesa zilikuwa zimelala palepale.

Karani alijishika kisogo, pale aliponyolewa. "Ungeniambia tu, fundi," alisema kwa upole. "Ningepiga simu hata na kitambaa shingoni."

Redio alifunika uso kwa viganja.

"Bado moja," Mama Chiriku akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kianzio."

"Pesa taslimu." Karani alipumua. "Watu husema pesa taslimu haina sheria. Si kweli. Wizi ni wizi, hata wa shilingi ya mkononi, na polisi wanapaswa kuupokea. Tatizo ni ushahidi. Sheria ina macho, lakini haina pua ya kunusa. Lazima uionyeshe kitu. Kuna risiti? Kuna aliyeshuhudia?"

"Aliniandikia kwamba amepokea."

"Basi tunayo! Uko wapi huo ujumbe?"

Redio alitazama sakafu. "Nimeyafuta mazungumzo. Sikutaka mke wangu aone."

Mama Chiriku aligeuka, akamtazama. Mtazamo ule Redio hakuusahau. Haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu.

Walikwenda polisi siku hiyohiyo. Walipewa namba ya kesi. Askari aliandika namba ya simu ya yule mpokeaji na jina lililoonekana. Karani aliwashauri pia wafike ofisi ya kuwatetea walaji. "Walaji ni sisi sote tunaonunua," alieleza. "Sheria za nchi moja si za nchi nyingine, na hubadilika. Msitegemee maneno ya mitaani. Waulizeni wao, huduma ni bure."

Wiki iliyofuata mtu mwingine alipiga simu. Alisema yeye ni wakili wa kurejesha pesa zilizoibiwa. Alitaka ada kidogo tu, ya kufungulia faili.

Safari hii Redio alitoka mpaka uani na simu ikiwa sikioni. "Mke wangu, kuna mtu anasema atarudisha pesa zetu nikimlipa."

Mama Chiriku alipangusa povu, akaichukua simu. "Ndugu yangu, ukizipata, jilipe humohumo, zinazobaki utuletee," alisema, akakata, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Ijumaa ile.

Pesa zilizokatwa bila idhini zilirudi baada ya siku kumi na mbili. Ada ya Chiriku ikapona. Pesa za mashine zilizolipwa kwa kadi zilichukua wiki saba, nazo zikarudi. Mwenye ule ukurasa hakuweza kuonyesha kwamba alipeleka chochote.

Pesa za simu hazikurudi. Kianzio hakikurudi.

Ilibidi waanze tena kuweka akiba. Iliwachukua miezi tisa, na kipindi cha baridi kiliangukia katikati. Redio aliamka mapema kila siku akakamua mashuka kabla ya kufungua duka. Majirani walitania, "Redio siku hizi inapiga muziki wa majini." Lakini zilikuwapo siku za wateja wengi, na zilikuwapo siku za mashuka mengi. Siku hizo Mama Chiriku alikamua peke yake. Vidole vyake viwili vilizidi kujikunja.

Siku ya kununua, walikwenda pamoja dukani barabara kuu. Mama Chiriku alibeba mfuko. Ndani yake mlikuwa na shuka moja chafu la nyumba ya wageni.

"Hilo la nini, mama?" mwenye duka akashangaa.

"Kichwa kwanza," Mama Chiriku akasema. "Fua nione."

Mwenye duka alicheka mpaka akajipangusa machozi, lakini alifua. Wote walisimama wakitazama shuka likizunguka. Lilipotoka safi, Redio alilipa kwa kadi. Alidai risiti yenye jina la duka, tarehe na namba ya mashine. Akadai pia karatasi ya dhamana. Nyumbani alizipiga picha, kisha akaziweka kwenye sanduku moja na cheti cha ndoa.

Kibao bado kipo juu ya kioo. Siku hizi Redio haoni haya kusimulia habari ya kuibiwa kwake. Kila mteja anayeketi huisikia, hata kama amekwisha kuisikia mara nne.

Wiki iliyopita fundi bomba mmoja aliingia kunyoa. Kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi. Safari hii alikaa kimya, anageuza simu mkononi. Redio alikuwa amekwisha kunyoa upande wa kushoto. Akazima mashine.

"Ndugu, nini?"

"Hakuna. Kichwa kinaniuma tu."

"Mimi lilikuwa jino," Redio alisema. "Umemtumia nani pesa?"

Fundi bomba akashtuka. "Mtu... aliniambia ni wakala wa vifaa. Sasa hivi hapokei."

"Lini?"

"Nilipokuwa nakuja hapa. Dakika kumi."

"Piga huduma kwa wateja. Sasa hivi!"

"Na nywele?"

"Nywele haziendi popote. Pesa ndizo zenye miguu!"

Fundi bomba alipiga. Wakamwambia zimezuiliwa, afike ofisini na kitambulisho. Alitoka mbio, upande mmoja umenyolewa na upande mmoja kichaka, na kitambaa cha kinyozi kikipepea shingoni. Watoto wa mtaani walimfuata wakishangilia.

Leo mchana alirudi kumalizia upande wa pili. Pesa zake amerudishiwa. Alilipa, akarudisha na kitambaa.

Redio alikwenda uani kumpa mkewe habari. Mashine ilikuwa inazunguka. Mama Chiriku alikuwa amekaa kando yake juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mikono yake mikavu ilikuwa imelala mapajani.

"Amepata zote?" aliuliza.

"Zote. Alisema mapema."

Mama Chiriku aliitikia kwa kichwa taratibu. "Ni vizuri," alisema. Akatazama nguo zikizunguka nyuma ya kioo. "Na wewe ungesema."

"Ningesema," Redio alikubali.

Aliketi chini karibu naye. Alichukua chupa ndogo ya mafuta, akaushika mkono wa kulia wa mkewe, kama mhudumu wa zahanati alivyomfundisha. Kidole cha nne aliweza kukinyoosha. Kidole cha mwisho alikisugua, akakivuta polepole. Kilinyooka mpaka nusu. Alipokiachia, kilijikunja tena.